Kifutio hakifuti, kisu hakikati: kutafuta chanzo cha tatizo kwenye mchoro wa vekta

Unashika kifutio, unakipitisha juu ya umbo, unaachia mausi, na umbo liko palepale kana kwamba hujaligusa. Au limeondoka lote wakati ulitaka kumega pembe tu. Au limekatika vizuri mbele ya macho yako, lakini ukivuta kipande kimoja vyote viwili vinakuja pamoja. Nimewaelekeza watu kadhaa kazi hii, na karibu kila mmoja akifika hapo huamini programu imeharibika. Mara nyingi sana programu ni nzima. Imefanya ilichoambiwa, ila tulichoiambia sicho tulichodhani tunaiambia.

Jambo la kushika ni hili. Kwenye picha ya pikseli, rangi imepakwa kwenye vitone, na kufuta ni kuiondoa rangi hiyo. Mchoro wa vekta haujapakwa kitu. Una orodha ya nodi (vituo ambavyo mistari hupitia), mistari inayoziunga, na maelezo ya rangi: ndani jaza nyekundu, pembeni piga mstari mweusi. Unapoburuta kifutio cha vekta, programu huchora umbo jipya kufuata mkono wako, hulitoa umbo hilo kwenye lile la chini, kisha huandika upya orodha ya nodi. Kufuta ni hesabu ya kutoa. Kukikwama, uliza maswali matatu: ninatoa nini, ninakitoa kwenye nini, na hicho cha pili kina eneo la kutolewa kitu?

Mifano yangu mingi ni ya Inkscape, programu ya kuchora vekta, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo ninayoishi nayo. Pale programu nyingine, Illustrator au CorelDRAW, zinapokwenda njia tofauti nitasema, lakini vyanzo vya matatizo ni vilevile popote.

Kabla ya dawa yoyote

Chagua kitu kinachokusumbua, usome mstari wa maelezo ulio chini ya dirisha. Inkscape inakuambia hapo kama ulichokishika ni njia yenye nodi kadhaa, kundi la vitu, picha, maandishi au kloni. Neno hilo moja humaliza nusu ya maswali, na ni watu wachache wanaolisoma.

Kisha uone mifupa ya mchoro. Kwenye Inkscape bonyeza Ctrl na 5 hadi rangi ziondoke ibaki mistari mitupu. Kwenye Illustrator ni Ctrl na Y. Katika mwonekano huo mstatili mweupe uliofunika kitu unajitokeza, umbo lililosahaulika nyuma ya jingine linajitokeza, na Inkscape huzipa klipu (maumbo yanayoficha kilicho nje yake) mistari ya kijani na picha mistari myekundu. Mimi siku hizi siendi mbele bila hatua hii, hata tatizo liwe dogo kiasi gani.

Kifutio kinapita lakini hakuna kinachobadilika

Chanzo kinachoongoza ni uchaguzi uliobaki. Kama kuna kitu kimechaguliwa, hata kiwe kona nyingine ya ukurasa, kifutio hukishughulikia hicho peke yake na kuviruka vingine vyote. Ndivyo Inkscape ilivyo inapokata, na ndivyo Illustrator ilivyo. Bonyeza Esc uondoe uchaguzi, au chagua lile umbo unalolitaka, kisha jaribu tena. Kwenye CorelDRAW jizoeze kuchagua kwanza, ndipo ushike kifutio.

Chanzo cha pili ni kufuli. Leya, yaani tabaka la mchoro, imefungwa au kitu chenyewe kimefungwa. Hili halina mengi: fungua leya, endelea na kazi.

Cha tatu kinahitaji uvumilivu kidogo: ulichokishika si njia. Maandishi ambayo bado yanaharirika ni maandishi, si maumbo. Kifutio cha Illustrator hakiyagusi mpaka uyageuze kuwa maumbo kwa Shift, Ctrl na O. Kwenye Inkscape amri ya kugeuza kitu kuwa njia ni Ctrl, Shift na C, na CorelDRAW hutumia Ctrl na Q. Weka nakala ya maandishi ya awali pembeni kabla ya kugeuza, maana ukishageuza huwezi tena kusahihisha tahajia. Kloni nayo ni kivuli cha umbo jingine. Haina nodi zake. Kwenye Inkscape ikate kamba kwa Shift, Alt na D, ndipo iwe umbo linalojitegemea. Na picha iliyoingizwa, hata ikiwa katikati ya mchoro wa vekta, inabaki kuwa pikseli. Huwezi kuikata kama njia. Unachoweza ni kuificha sehemu kwa klipu, au kuirudisha kwenye programu ya picha uifute huko.

Kundi pia hukwamisha, hasa kwenye amri za kujumlisha na kutoa maumbo. Ukipata ujumbe kwamba mojawapo ya vitu si njia, na kila unachokiona ni njia, basi tafuta kundi. Vunja kwa Ctrl, Shift na G, na urudie kuvunja, kwa sababu faili zilizotoka kwenye programu nyingine huja na kundi ndani ya kundi ndani ya kundi.

Halafu kuna mstari ulionyooka. Huu huwashangaza wengi. Mstari mmoja kati ya nodi mbili hauna eneo lolote, hata ukiupa unene wa kutosha kuonekana kama ubao. Unene ule ni maelezo ya rangi tu. Kihesabu mstari ni uzi usio na upana. Ukiuliza hesabu itoe eneo kwenye kitu kisicho na eneo, hakuna jibu. Geuza unene wenyewe uwe umbo kwa Ctrl, Alt na C, na hapo kifutio kitapata cha kukata.

Kifutio kimemeza umbo zima

Kwenye Inkscape kifutio kina namna tatu za kufanya kazi, na vitufe vyake viko juu kwenye upau wa zana: kuondoa kila kitu kinachoguswa, kukata kutoka kwenye njia, na kuficha kwa klipu. Kikiwa kwenye namna ya kwanza, ukigusa pembe tu, umbo lote linaondoka. Rudisha kwa Ctrl na Z, badili namna, endelea.

Kama namna ilikuwa sahihi na bado vitu vya nyuma vimekatika pamoja na ulichokilenga, basi hukuchagua chochote. Bila uchaguzi, kila kilicho chini ya kifutio kinakatwa, hadi mandhari. Kwa kazi yenye maumbo mengi yaliyolaliana, kuchagua kwanza ni lazima.

Na kama kifutio kilikuwa chembamba jana na leo ni kinene, angalia ulivyokuza mwonekano. Inkscape hupima upana wa kifutio kwa kulinganisha na eneo linaloonekana kwenye skrini. Ukisogea karibu kinamega kidogo, ukirudi nyuma kinamega sana. Illustrator ina mabano ya mraba kwenye kibodi ya kupunguza na kuongeza ukubwa wa kifutio.

Kimefutika kwa macho, lakini bado kipo

Hapa ndipo ninapowaomba watu wawe makini kuliko mahali pengine popote, maana madhara yake hutokea baada ya faili kuondoka mikononi mwako.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza nembo ya kukatwa kwenye mashine ya stika. Mkia wa herufi moja ulikuwa mrefu mno, nikauficha kwa mstatili mweupe. Kwenye skrini ilikuwa safi, kwenye karatasi ilikuwa safi. Lakini mashine ya kukatia haisomi weupe. Kisu chake hufuata mistari. Ilikata mkia wote, kisha ikakata na mstatili juu yake. Stika zote zilitoka na kidirisha ambacho hakuna aliyekiomba. Kosa lilikuwa langu, na ningeliona kwa sekunde mbili kama ningebadili mwonekano wa mistari mitupu.

Kama faili lako linakwenda kwenye mashine ya kukata, ya leza au ya kudarizi, usifunike. Toa. Chora umbo juu ya sehemu usiyoitaka, chagua yote mawili, na kwenye Inkscape bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kutoa. La juu linatolewa kwenye la chini, na mkia hauko tena kwenye orodha ya nodi.

Klipu ina hatari nyingine. Inaficha, haiondoi. Ukituma mchoro wenye namba ya simu au jina ulilolificha kwa klipu, anayelipokea faili anaweza kuifungua klipu na kusoma kila kitu. Ni hivyohivyo kwa picha iliyopunguzwa kwa klipu: picha nzima imo ndani ya faili, ndiyo maana faili haliwi jepesi hata baada ya kufuta robo tatu ya kinachoonekana. Kama kilichofichwa ni njia, fungua klipu upate umbo lake, liweke juu, na utumie amri ya kubakiza sehemu ya pamoja, Ctrl pamoja na nyota (*). Kama ni picha, itoe upya kama PNG kwa ukubwa unaoutaka, kisha ingiza hiyo badala ya ile ya mwanzo.

Nimekata, vipande havitengani

Dalili hii ina sura tatu, na kila sura ina chanzo chake.

Sura ya kwanza: vipande vinaonekana viwili lakini vinasogea pamoja. Kumbuka kwamba njia moja inaweza kuwa na sehemu kadhaa zisizogusana, kama visiwa vya nchi moja. Kutoa kipande cha katikati kumekuachia visiwa viwili, na programu bado inavihesabu kuwa kitu kimoja. Vitenganishe: Ctrl, Shift na K kwenye Inkscape, Ctrl na K kwenye CorelDRAW, na Alt, Shift, Ctrl na 8 kwenye Illustrator. Angalia usichanganye, kwa sababu Ctrl na K yenyewe kwenye Inkscape hufanya kinyume chake, inaunganisha. Kifutio cha Inkscape kina pia chaguo la kutenganisha vipande papo hapo kila unapokata, na mimi huliacha limewashwa.

Kwenye Illustrator kuna jambo la ziada. Ukigawanya maumbo kwa paneli yake ya kuunganisha na kugawa, vipande vinatoka tayari vimetengana ila vimefungwa kwenye kundi. Vunja kundi, vitaachana.

Sura ya pili: ulichora mstari wa kukata, ukatoa amri ya kugawanya, na umbo limebaki zima au limepata ufa usiofika popote. Mstari haukuvuka. Ili umbo lipate vipande viwili, mstari uingie upande mmoja na utokee upande wa pili. Ukiishia ndani hata kwa upana wa unywele, hakuna mpaka uliokamilika. Chora mstari unaozidi kingo pande zote mbili. Ziada haidhuru chochote. Kwenye Inkscape hakikisha mstari uko juu ya umbo, chagua vyote viwili, halafu bonyeza Ctrl na mkwaju (/). Kwa Illustrator, kwenye menyu ya vitu ukienda sehemu ya njia utakuta amri ya kugawa vilivyo chini. Chagua mstari peke yake kabla ya kuitoa.

Kwa kazi ya kugawa maumbo mengi yaliyolaliana, sitanii nikisema acha kifutio kabisa. Inkscape 1.3, iliyotoka mwaka 2023, ilileta zana ya kujenga maumbo: inakuonyesha kila eneo lililozaliwa na makutano ya mistari, nawe unachagua lipi liungane na lipi liondoke. Illustrator inayo pia, kwa Shift na M, na ukishikilia Alt inaondoa badala ya kuunganisha. Kazi iliyokuwa ya nusu saa inakuwa ya dakika chache, na kingo zinatoka safi.

Sura ya tatu: ulibofya mkasi mara moja kwenye ukingo wa umbo na hakuna kilichogawanyika. Fikiria pete ya uzi. Ukiikata mahali pamoja unapata uzi mmoja mrefu, si vipande viwili. Umbo lililofungwa linahitaji mikato miwili. Baada ya mkato wa kwanza umbo limefunguka, ila rangi ya ndani inaendelea kuonekana kwa sababu programu huijaza kana kwamba ncha mbili zimeungwa kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa ncha hizo bado zimelaliana, jicho halioni tofauti. Kwenye Inkscape mkasi ni zana ya nodi: bofya mara mbili juu ya ukingo kuongeza nodi, ichague, bonyeza Shift na B, fanya hivyo sehemu ya pili, kisha tenganisha. Mkasi wa Illustrator ukikataa na kukutaka ubofye kwenye kipande cha mstari au nodi isiyo ya mwisho, maana yake umebofya ncha ya mstari ulio wazi. Pale mwisho hapana kitu cha kukata.

Na ukitaka kuondoa sehemu ya katikati ya mstari uliopinda usiofungwa, usitumie amri za eneo. Programu inaweza kuuchukulia mstari huo kama umbo lililofungwa, ikakurudishia kitu chenye upande mpya usioutaka. Ongeza nodi mbili, moja kila upande wa sehemu isiyotakiwa, zichague zote, na utumie kitufe cha kuondoa kipande kati ya nodi mbili. Mkato unakuwa safi na mikunjo iliyobaki haiguswi.

Tundu la herufi limezibika

Umetenganisha neno zima, na O imekuwa sahani, A imekuwa pembetatu. Hakuna kilichopotea. O ni njia moja yenye duara mbili, ya nje na ya ndani. Ulipozitenganisha, ile ya ndani imekuwa umbo lake lenyewe, lenye rangi ileile, limekaa juu ya ile ya nje. Chagua duara mbili za herufi hiyo tu, ziunganishe tena kwa Ctrl na K, na tundu litarudi.

Kama limekataa kurudi, tatizo ni kanuni ya kujaza rangi, na inafaa kuielewa mara moja maishani. Muundo wa faili za vekta uitwao SVG una kanuni mbili. Weka kidole ndani ya tundu la O, piga mstari kutoka hapo hadi nje ya herufi, uhesabu kingo unazozivuka. Utavuka mbili. Kanuni ya kwanza inaangalia kama idadi ni witiri au shufwa: witiri ni ndani, shufwa ni nje. Mbili ni shufwa, kwa hiyo tundu liko nje na halipakwi rangi. Kanuni ya pili inaangalia mwelekeo. Ukingo unaokwenda upande mmoja unaongeza 1, unaokwenda upande mwingine unapunguza 1, na sifuri peke yake ndiyo nje. Kama duara zote mbili zimechorwa kuelekea saa, jumla ni 2. Si sifuri, basi tundu linajazwa. Kama moja inaelekea saa na nyingine kinyume chake, 1 toa 1 ni sifuri, na tundu linafunguka.

Dawa ni mojawapo ya mbili. Badili kanuni kwenye dirisha la rangi, ambako Inkscape ina vitufe viwili vidogo vya kazi hiyo. Au geuza mwelekeo wa duara la ndani: shika zana ya nodi, chagua nodi moja ya duara hilo, bonyeza Shift na R. Mimi napendelea kugeuza mwelekeo, kwa sababu faili likienda kwenye programu nyingine, au umbo likigeuzwa kuwa herufi ya fonti, mwelekeo unakwenda nalo.

Mkato umepata mstari mweusi

Umbo lina rangi ya ndani na mstari wa pembeni. Umelimega, na mstari wa pembeni umezunguka hadi kwenye mkato. Programu haina namna ya kujua kwamba ukingo ule ni jeraha. Kwake ni ukingo kama mwingine wowote. Zidisha umbo mara mbili kwa Ctrl na D. Nakala moja iondolee mstari wa pembeni, nyingine iondolee rangi ya ndani. Ya rangi imege kwa amri ya kutoa. Ya mstari ikate kwa Ctrl, Alt na mkwaju, amri inayokata ukingo bila kufunga vipande, kisha ondoa sehemu usiyoihitaji. Ni kazi ya hatua chache zaidi, lakini sijaona njia ya mkato inayotoa matokeo safi kama hayo.

Uzi mwembamba kati ya vipande viwili

Umegawa umbo la bluu, hujasogeza chochote, na bado kuna uzi mweupe mwembamba unaopita pale ulipokata. Watu hukesha wakisogeza vipande kwa hili.

Kwanza pima. Kuza mwonekano hadi asilimia 800. Uzi ukipanuka, kuna pengo la kweli. Kifutio chenye upana huacha pengo daima, kwa hiyo rudia kwa amri ya kugawanya. Uzi ukibaki mwembamba vilevile kila unapokuza, hakuna pengo. Unachokiona kinatokana na jinsi skrini inavyolainisha kingo.

Chukua pikseli moja ambayo mpaka unapita katikati yake. Kipande cha kushoto kinaifunika nusu, kwa hiyo inapakwa bluu kwa asilimia 50 juu ya weupe. Kinakuja kipande cha kulia, nacho kinafunika nusu, kinapaka bluu kwa asilimia 50 juu ya kilichokuwepo. Nusu ya weupe ilikuwa imebaki, sasa imebaki nusu ya nusu. Asilimia 25 ya weupe inapenya kwenye pikseli ambayo kwa haki ingekuwa bluu tupu. Programu inapaka kipande kimoja kimoja, haijui kwamba nusu mbili zinakamilishana.

Ukishajua hivyo, dawa zinajieleza. Weka chini ya vipande nakala ya umbo zima la awali, rangi ileile, ili kinachopenya kiwe bluu. Kama vipande vina rangi tofauti, acha kimoja kijitandaze kidogo chini ya jirani yake. Kama mkato ni wa wima au wa mlalo, usogeze uangukie kwenye mpaka wa pikseli. Kwa SVG ya tovuti unaweza pia kuzima ulainishaji kwa kuandika shape-rendering="crispEdges", ila mikunjo yote itakuwa na meno, hivyo tumia kwenye maumbo ya mistari iliyonyooka tu.

Rangi si ile niliyoiacha

Hili ni fupi. Ukiunganisha maumbo kwenye Inkscape, matokeo huchukua rangi ya umbo la chini. Illustrator ikiunganisha huchukua ya juu. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine utashangaa mara mbili, kisha utazoea. Kwa gredienti, yaani rangi inayogeuka taratibu kuwa nyingine, SVG inaruhusu kuipima kwa mpaka wa umbo au kwa ukurasa. Ikipimwa kwa umbo, kila kipande kipya kinaanza gredienti yake upya. Ikipimwa kwa ukurasa, rangi inaendelea kupita vipande vyote kama kabla ya mkato.

Na kama amri ya kutoa imekuachia kile ulichotaka kiondoke, mpangilio wa juu na chini umepinduka. Chagua cha kutolea, bonyeza Home kwenye Inkscape ili kije juu ya vyote, urudie.

Ukingo umejaa nodi, au mkunjo umebadilika

Kifutio hufuata mkono, na mkono hutetemeka. Mkato wa sentimita chache unaweza kukuachia makumi ya nodi, kila moja na kijikona chake, na mashine ya kukata itaisoma kila moja. Ukitaka ukingo ulionyooka, usifute kwa mkono. Chora mstatili na uutoe. Kifutio cha Illustrator hufuta kwa mstatili ukishikilia Alt wakati wa kuburuta.

Lakini kuna tofauti ambayo nataka uione kwa karibu, kwa sababu inaeleza kwa nini mkasi ni mwaminifu kuliko kifutio. Mikunjo ya vekta inaitwa ya Bézier, kwa Pierre Bézier aliyeitumia kubuni magari ya Renault miaka ya 1960. Kabla yake, mwaka 1959, Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa amepata njia ya kuigawa mikunjo hiyo kwa kutafuta pointi za kati tu. Chukua mkunjo unaoanza (0, 0) na kuishia (80, 0), vishikio vyake (pointi zinazouvuta upinde) vikiwa (0, 80) na (80, 80). Tafuta pointi ya kati ya kila jozi inayofuatana: (0, 40), (40, 80), (80, 40). Tafuta pointi za kati za hizo: (20, 60) na (60, 60). Pointi ya kati ya hizo mbili ni (40, 60), na hapo ndipo mkunjo unapokatika. Nusu ya kushoto ina vishikio (0, 40) na (20, 60), ya kulia ina (60, 60) na (80, 40). Ziweke pamoja, zinalala juu ya mkunjo wa awali bila tofauti yoyote. Ukikata kwenye nodi, au ukiongeza nodi kisha ukakata, hesabu inayotumika ni hii, na umbo halibadiliki.

Kifutio na amri za kutoa zina kazi nzito zaidi: kutafuta mahali mikunjo miwili inapokutana, na mikunjo miwili ya aina hii inaweza kukutana hadi mara 9. Makutano hayo hupatikana kwa kukadiria. Kwa hiyo kila mzunguko wa kufuta unaongeza nodi na kusogeza kingo kidogo sana. Mara moja huoni. Baada ya mara ishirini juu ya umbo lilelile, utaona.

Kama nodi tayari zimejaa, Inkscape hupunguza kwa Ctrl na L. Ukiibonyeza mara kadhaa kwa haraka, kila mbonyezo unapunguza kwa nguvu kuliko uliopita, kwa hiyo bonyeza, subiri, tazama. Kabla hujaanza, weka nakala ya umbo nyuma na uipe rangi nyekundu kali. Nyekundu ikianza kuchungulia pembeni mwa umbo, umepunguza kupita kiasi. Rudi nyuma mara moja kwa Ctrl na Z.